Nitavukia Wapi? Mhadhara Kuhusu Kurefusha Barabara ya Kulipia

Asanteni kwa kunikaribisha. Nimeambiwa humu ukumbini kuna wanafunzi wa mipango miji, wapimaji na madiwani kadhaa. Wapo pia waliokuja kwa sababu wamesikia barabara itapita karibu na viwanja vyao. Hao ndio nitakaozungumza nao zaidi, maana ninyi wengine mmelipwa kuja au mmelazimishwa.

Mada niliyopewa ni kupanga kurefusha barabara ya kulipia kupita eneo la pembezoni mwa jiji linalojaa kwa kasi. Wahandisi wenzangu wakipewa mada hii huanza na lami. Mimi naomba tuanze na mkutano wa wananchi, ule wa viti vya plastiki na kipaza sauti kinachokoroma. Tazameni waliokaa pale mbele. Ni wenye nyumba za zamani, wenye mashamba yaliyobaki na wenye biashara za kando ya njia. Sasa piga hesabu: barabara itafunguliwa baada ya miaka minane hivi, na mkopo wake utalipwa kwa miaka thelathini. Mtu atakayeilipia kila asubuhi katika mwaka wa kumi na tano leo yuko shule ya msingi, au amepanga chumba upande mwingine wa jiji na hajawahi kulisikia jina la mtaa huu. Hayupo mkutanini, wala hawezi kualikwa. Lakini kila jedwali kwenye upembuzi yakinifu, yaani ule uchunguzi wa kuona kama mradi unafaa, limejengwa juu ya mgongo wake.

Nitoe mfano halisi. Kaskazini ya Austin, Texas, kuna mji uitwao Leander. Sensa ya Marekani ya mwaka 2000 ilihesabu watu 7,596. Mwaka 2010 wakawa 26,521, na mwaka 2020 wakafika 59,202. Upande huo kuna barabara ya kulipia iitwayo 183A. Sehemu yake ya kwanza ilifunguliwa 2007, ikarefushwa kuingia Leander mwaka 2012, kisha ikapangwa awamu nyingine ya kwenda mbele zaidi kaskazini. Watu huniuliza: barabara iliwafuata watu au watu waliifuata barabara? Swali zuri, ila lina mtego. Siku mchoro wa barabara unapovuja ofisini, hata kabla greda halijashushwa, wapimaji wa viwanja wanakuwa wameshafika na bikoni zao. Mstari wa penseli unatosha kupandisha bei ya ardhi. Kwa hiyo vyote viwili hutokea, na kila kimoja humwambia mwenzake, “Unaona? Nilikuwa sahihi.”

Hapo ndipo ugonjwa wa makadirio ya magari unapoanzia. Mshauri elekezi anaulizwa magari mangapi yatapita. Anachukua ramani ya matumizi ya ardhi ya miaka ishirini ijayo, anahesabu nyumba, anageuza nyumba kuwa safari na safari kuwa mapato. Lakini zile nyumba ziliwekwa kwenye ramani kwa sababu barabara ilishadhaniwa ipo! Unatumia barabara kuthibitisha nyumba, halafu nyumba kuthibitisha barabara. Mtafiti wa makadirio ya magari, Robert Bain, alilinganisha makadirio na hali halisi kwenye barabara za kulipia zaidi ya mia moja, akakuta kwa wastani magari yaliyopita yalikuwa kama asilimia 77 ya yaliyotabiriwa. Mtafiti wa miradi mikubwa, Bent Flyvbjerg, na wenzake walichunguza miradi 183 ya barabara kwa jumla, na katika nusu yake makadirio yalikosea kwa zaidi ya asilimia 20, huku au kule. Ona tofauti: penye tozo kosa huelekea upande mmoja, juu. Bila makadirio mazito hakuna mkopo, na bila mkopo hakuna mradi. Sisemi watu wanadanganya. Nasema kwamba kati ya washauri watano, aliyeota ndoto kubwa ndiye anayepata kazi.

Hatuhitaji kwenda mbali na Austin kuona matokeo. Mashariki na kusini ya jiji lile ipo barabara nyingine ya kulipia, SH 130. Vipande vyake vya kusini, karibu kilomita 66, vilifunguliwa Oktoba 2012, na mwendo unaoruhusiwa ni maili 85 kwa saa, wa juu kabisa Marekani. Ilitarajiwa malori yahamie huko kukwepa msongamano wa barabara kuu ya I-35. Wengi hawakuhama. Mwenye lori huhesabu dakika anazookoa na tozo anayotozwa, na kama hesabu haimlipi anavumilia foleni yake. Machi 2016 kampuni iliyokuwa na mkataba wa miaka 50 iliomba mahakama iikinge na wadai. Lami ilikuwa nzuri na kona zimesanifiwa vizuri. Ila madereva wenye haraka kiasi cha kukubali kuilipia walikuwa wachache, au walikuwa kwingine.

Niliseme hili polepole, maana ndiyo kazi yenyewe. Barabara ya kulipia hula foleni ya jirani yake. Ile ya bure ikipitika, ya kulipia inakufa njaa. Ile ya bure ikiziba, ya kulipia inanenepa. Kwa hiyo mwekezaji mwenye akili atataka mkataba uizuie serikali kuipanua barabara ya bure. Huko California, mwaka 1995, zilifunguliwa njia za kulipia katikati ya barabara kuu nambari 91, zikiendeshwa na kampuni binafsi, na mkataba ulikuwa na kifungu cha namna hiyo. Vitongoji vikajaa, watu wakadai ipanuliwe, kifungu kikawafunga mikono. Mwishowe, 2003, mamlaka ya usafiri ya Orange County ilizinunua njia hizo kwa dola milioni 207.5 ili kifungu kiondoke. Madiwani, mkiletewa mkataba, rukeni picha za madaraja mwende moja kwa moja kwenye ukurasa wenye maneno “barabara shindani”. Huwa uko mbali nyuma, karibu na viambatisho, mahali msomaji ameshachoka.

Sasa nirudi kwenye ule mkutano. Katika mmoja niliohudhuria nikiwa upande wa wasanifu, mama mmoja alinyanyuka, akaja hadi mezani, akaweka kidole juu ya ramani yetu. “Hapa ni kwangu,” akasema. “Hapa ni shule ya wajukuu. Huu mstari wenu uko katikati. Nitavukia wapi?” Mwenzangu akamwonyesha daraja, kilomita mbili kaskazini. Mama akatulia kidogo. “Kwa hiyo baba, mbili kwenda juu, mbili kurudi chini?” Hifadhi ya barabara pale, yaani ukanda wa ardhi uliotengwa kwa ajili yake, ilikuwa na upana wa mita 90. Tulikuwa tumegeuza mita 90 kuwa kilomita nne, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameligundua hilo, kwa sababu kwenye kompyuta zetu barabara ilitazamwa kwa urefu. Yeye aliitazama kwa upana.

Tangu siku ile, kazi yangu ya kwanza kwenye mradi wa namna hii ni kuchora mikatizo. Njia kuu baadaye. Naweka alama kila mahali watu wanapopita sasa, hata kama ni kijia cha miguu tu, halafu naweka mahali watakapopita mtaa ukijaa. Eneo linalokua litataka mkatizo walau kila kilomita moja, hata kama leo pande zote mbili ni nyasi. Msiseme tutaongeza baadaye. Kupitisha barabara ndogo chini ya tuta kabla tuta halijajengwa ni kazi ya kawaida. Kuipitisha chini ya njia ambayo magari yanapita na tozo inakusanywa ni kazi ya usiku, ya kufunga njia na ya kugombana na mwendeshaji kuhusu mapato aliyopoteza. Na vivuko vya chini vipewe njia ya maji! Nimeona kivuko kizuri kikigeuka bwawa kila mvua, na watoto wakirudi kukatiza juu, mbele ya magari.

Kuhusu kujenga kwa awamu, utaratibu ninaoupenda ni huu: tengeni hifadhi nzima mapema, kabla kiwanja hakijawa nyumba, maana fidia ya shamba na fidia ya ghorofa si ndugu. Kisha jengeni kwanza barabara za pembeni, moja kila upande, za bure, mkiacha ukanda mpana wa nyasi katikati. Mtaa utaishi nazo. Magari yakiongezeka kweli, kwa kuhesabiwa na si kwa kutabiriwa, ndipo njia za kulipia ziingie katikati. Kwenye 183A pia mtakuta barabara za pembeni zisizolipiwa zikienda sambamba na njia za tozo. Uzuri wake ni mawili: asiye na cha kulipa hajafungiwa njia, na makadirio yakikosea umepoteza nyasi, hujapoteza daraja.

Ubaya upo pia, nisiwafiche. Ule ukanda wa nyasi humtia mwanasiasa tamaa. Kila uchaguzi atatokea wa kuupangia soko au uwanja. Na wanaohamia wakikuta nyasi huamini wameuziwa nyumba kando ya bustani. Wekeni vibao, na kwenye hati za viwanja iandikwe wazi kwamba hapa itapita barabara kubwa ya kulipia. Wauzaji watalalamika. Acheni walalamike.

Jambo moja fupi kuhusu tozo yenyewe. Watu huvumilia kulipia kitu kipya kuliko kuanza kulipia kile walichokizoea. Huko Gauteng, Afrika Kusini, barabara kuu zilipanuliwa, kisha Desemba 2013 mitambo ya tozo ikawashwa juu ya njia ambazo watu walikuwa wakizipita siku zote. Madereva wengi walikataa kulipa, miaka ikapita, na Aprili 2024 mitambo ikazimwa. Mkirefusha barabara yenu, msiuchukue ule mkanda wa lami ambao mtaa tayari unautumia mkaugeuza wa kulipia. Kama ni lazima uchukuliwe, mbadala wake ujengwe kwanza, ufunguliwe, watu wauzoee.

Nimebakiwa na dakika chache, na sipendi kuzimalizia kwa maneno. Kwenye kila meza kuna ramani na penseli mbili. Nyekundu ya njia kuu msiiguse kwa sasa. Chukueni ya bluu, na mwenye kiwanja hapo mezani ndiye aishike. Atuonyeshe kwanza anapoishi, halafu watoto wanasoma wapi, halafu maji yanatoka wapi mvua ikinyesha. Wahandisi, mkae kimya kwa dakika kumi. Nitapita meza kwa meza.