Ringi Kiunoni: Kutengeneza Hula Hupu, Kuizungusha na Kuifanyia Mazoezi

Karibu mtazamaji. Leo ni hula hupu, ringi ya kuzungusha kiunoni. Tunaanzia mwanzo kabisa: kuitengeneza kwa bomba la maji, kuizungusha mpaka isianguke, halafu kuipangia dakika ili itoe jasho kweli. Tafuta nafasi ya mita mbili kila upande. Kama uko sebuleni, ondoa stuli, ondoa vikombe, watoto wakae mbali. Ringi ikichomoka haibishi hodi.

Kabla hujagusa chochote, liweke hili kichwani: kuzungusha ringi si kukata mauno. Mtu anayeijua chakacha vizuri huenda ndiye ringi ikamwangukia upesi kuliko wote, kwa sababu anakichezesha kiuno duara zima. Ringi haitaki duara. Inataka kusukumwa mbele na nyuma, kwa wakati wake. Kiuno kinachochora duara kubwa kinaikimbia ringi badala ya kukutana nayo. Tukifika kwenye hatua yenyewe utaona ninachomaanisha.

Sasa ukubwa, maana hapa ndipo wengi wanakwama bila kujua. Mwaka 1958 kampuni ya Wham-O ya California, Marekani, ilipoanza kuuza ringi za plastiki, ulikuwa mchezo wa watoto, na hadi leo zile za rangirangi zinazoning'inia madukani nyingi ni za watoto: nyepesi, nyembamba, kipenyo sentimita 60 hadi 80. Mtu mzima anaingia humo, inaanguka mara kumi mfululizo, anasema kiuno chake kigumu. Kiuno hakina kosa. Ringi ndogo inazunguka haraka, kwa hiyo kila mzunguko unakuachia muda mfupi mno wa kusukuma. Ringi kubwa yenye uzito wa kiasi inazunguka taratibu na inakusubiri. Ukiona unapelekwa mbio za singeli na ndio kwanza unajifunza, badilisha ringi, usibadilishe kiuno.

Kuipima ni rahisi. Isimamishe sakafuni mbele yako. Ukingo wa juu ufike kati ya kitovu na kifua. Kwa watu wazima wengi hiyo ni kipenyo cha sentimita 100 hadi 110. Mrefu sana au mwenye kiuno kipana aende hata 115. Ukishaizoea ndipo ushuke kwenye ndogo.

Twende kwenye kutengeneza. Nenda duka la vifaa vya ujenzi, ulizia bomba jeusi la plastiki la maji, lile laini linalouzwa kwa mita likiwa limeviringishwa. Lile la kijivu lililonyooka, gumu, usilichukue, ukilikunja linapasuka. Kwa anayeanza, chukua lenye kipenyo cha nje cha milimita 25. La milimita 20 linafaa pia, ila ni jepesi, na linakwenda kasi zaidi. Nunua mita tatu na nusu, au mita nne kama ringi yako ni ya sentimita 115, pamoja na kiungio kimoja cha kuingia ndani ya bomba, kile chenye meno meno pande zote mbili. Mwenye duka ukimwambia joina ya ndani atakuelewa. Kijaribu hapo hapo: kiingie kwa kubana, kisicheze.

Urefu wa kukata ni kipenyo unachotaka mara 3.14. Ringi ya sentimita 100 inataka bomba la sentimita 314. Ya 105 inataka 330. Ya 110 inataka 345. Kata kwa msumeno wa chuma, ukate wima. Kata ya mshazari inaacha pengo kwenye kiungo na pengo hilo litakuchuna tumboni. Pitisha msasa kwenye midomo yote miwili.

Chemsha maji kwenye sufuria. Tumbukiza mdomo mmoja wa bomba, kama sentimita tano, kwa nusu dakika hadi dakika moja. Usiupeleke kwenye moto wa jiko moja kwa moja: upande mmoja unayeyuka, mwingine unabaki mgumu, na kiungo kinakaa kombo. Ukishalainika, shika kwa kitambaa, sukuma kiungio mpaka nusu yake iingie. Harakisha, plastiki inapoa ndani ya sekunde chache. Halafu mdomo wa pili, vivyo hivyo. Huu wa pili unataka watu wawili, mmoja akishikilia duara lisifunguke, mwingine akisukuma. Midomo miwili ikikutana, mwagia maji baridi. Plastiki inajikaza juu ya yale meno.

Sasa ivute kwa nguvu. Kama kiungo kinasogea hata kidogo, usijidanganye kwamba tepu itakishika. Toboa, weka skrubu fupi moja kila upande wa kiungo, ya kushika bomba na kiungio tu bila kutokeza ncha upande wa pili. Pitisha kidole kuzunguka kiungo chote. Kidole kikikwaruzika, tumbo nalo litakwaruzika.

Kuna wanaotia mchanga ndani ili ringi iwe nzito. Achana nao. Mchanga unajikusanya upande mmoja kabla ringi haijashika kasi, ringi inayumba, na uzito ule unavuta kiungo mpaka kifunguke. Ringi ya bomba la milimita 25 inafika karibu nusu kilo bila kuongezwa kitu, na hiyo inatosha.

Kuifunika: plastiki tupu inateleza. Chukua tepu ya kitambaa, au mpira wa ndani wa baiskeli uliokwisha kazi, ukate utepe wa upana wa sentimita mbili. Anzia kwenye kiungo, zungusha kwa mshazari, kila mzunguko ukilalia theluthi ya uliotangulia, na uvute kila wakati. Utepe uliolegea unajikunja ukingoni na baada ya siku mbili unaning'inia. Mpira wa baiskeli unashika kuliko kitu chochote tulichokitaja, ila usiuvae juu ya ngozi tupu, unachoma.

Ukimaliza, ihifadhi kwa kuilaza bapa sakafuni au uvunguni. Ukiitundika msumarini kwenye ukuta unaopigwa na jua, wiki chache inakuwa umbo la yai, na ringi ya umbo la yai inagonga mbavu.

Mavazi: tisheti ya pamba inayobana. Nguo za satini na suti za michezo zile za nailoni zinateleza, ringi inashuka kama imepakwa mafuta. Kanga iliyofungwa kibwebwe, imekazwa barabara, inafanya kazi nzuri ajabu, mradi pindo lisibaki likining'inia. Miguuni, raba au peku.

Haya, simama. Mguu mmoja mbele, mwingine nyuma, hatua ndogo ya kawaida kati yake. Kama utaitupa ringi kuelekea kushoto, ambavyo wengi wanaotumia mkono wa kulia hupendelea, mguu wa kushoto ndio uwe mbele. Magoti yalegee kidogo. Mgongo umenyooka, macho mbele. Ukitazama ringi chini, kifua kinainama na ringi inakufuata huko huko chini.

Shika ringi kwa mikono miwili, iguse mgongo wako pale kiuno kinapoingia ndani, juu kidogo ya mifupa ya nyonga. Angalia hapa karibu: ringi iko sawa na sakafu pande zote, haijainuka mbele wala kushuka. Geuza kiwiliwili kidogo upande wa kulia, kisha itupe kwa nguvu kuelekea kushoto, ikiwa imelala vile vile. Mikono ifuate ringi, halafu iachie ringi na uinue mikono juu ya kifua mara moja.

Sasa sukuma. Ringi inapopita tumboni, tumbo linakwenda mbele. Inapopita mgongoni, mgongo unarudi nyuma. Mbele, nyuma, mbele, nyuma. Mwendo wenyewe ni mdogo, sentimita chache tu, uzito ukihama kutoka mguu wa nyuma kwenda wa mbele na kurudi. Mabega yametulia. Chagua sehemu moja tu ya kusikiliza kwanza: chini ya kitovu. Kila ringi inapokugusa hapo, isukume. Mgongo utajifunza wenyewe.

Simamisha video hapa ujaribu. Itaanguka. Tuangalie inaangukaje, maana kila anguko lina sababu yake.

Ikianguka kabla haijamaliza mizunguko miwili, ulitupa kwa woga, au uliitupa ikiwa imeinama. Rudia utupaji peke yake bila hata kusukuma, mpaka uone ringi inazunguka mizunguko mitatu ikiwa imelala.

Ikizunguka vizuri kisha ikaanza kushuka taratibu, umechelewa kusukuma. Mtu akiona inashuka anapunguza mwendo kwa hofu, wakati inatakiwa kinyume: kunja magoti kidogo, sukuma haraka zaidi, na ujigeuze mwili mzima kwa miguu kuelekea huko huko ringi inakokwenda. Ukigeuka nayo unapata muda zaidi kati ya mguso na mguso. Hii ndiyo njia bora ya kuiokoa, na inafaa kuifanyia mazoezi makusudi: iache ishuke hadi nyongani, kisha uipandishe.

Ikiwa inayumba, upande mmoja juu na mwingine chini, angalia miguu. Miguu iliyopangwa sambamba, imebana, inakulazimisha kuzungusha duara. Tumerudi kwenye mauno.

Michubuko kiunoni siku za mwanzo ni kawaida, hasa juu ya mfupa wa nyonga. Ipumzishe siku moja au mbili. Maumivu ya uti wa mgongo si kawaida; hayo acha. Mjamzito, aliyejifungua karibuni, hasa kwa upasuaji, na mwenye tatizo la mgongo azungumze na daktari kwanza. Usizungushe ukiwa na tumbo lililojaa ugali. Subiri angalau saa moja na nusu.

Sasa mazoezi yenyewe. Jaribio lililodhaminiwa na Baraza la Mazoezi la Marekani, ACE, lilipima wazungushaji wenye uzoefu na kupata wastani wa kalori 210 kwa nusu saa. Wewe unayeokota ringi kila baada ya sekunde kumi hutafika huko mara moja, lakini kuinama na kuiokota nako kunahesabika. Watafiti wa Finland walichapisha mwaka 2019 matokeo ya watu wenye uzito uliozidi walioizungusha ringi ya kilo moja na nusu kila siku kwa wiki sita: viuno vilipungua karibu sentimita tatu. Uzito kwenye mizani haukubadilika sana. Kwa hiyo pima kwa futi ya fundi cherehani, na usitegemee ringi ifute chapati nne za asubuhi.

Wiki ya kwanza: dakika moja kuzungusha, dakika moja kupumzika, mara tano. Dakika ya kuzungusha inahesabu na kuokota. Wiki ya pili, mara nane. Ukiweza kukaa dakika mbili bila kuanguka, hamia sekunde 40 kazi, sekunde 20 kupumzika, kwa dakika kumi. Kila kipindi gawanya: nusu kushoto, nusu kulia. Upande wa pili utakuwa mzito kama unaanza upya, na ndiyo maana watu wanauruka. Ukizungusha upande mmoja tu, misuli ya kiuno inafanya kazi kwa mtindo mmoja kila siku, na upande huo ndio utakaolalamika.

Ringi ikishatulia, ongeza kazi bila kubadilisha ringi. Inua mikono juu. Tembea hatua kumi mbele, kumi nyuma. Shuka nusu ya kuchuchumaa, mgongo wima, hesabu hadi nne, panda. Inua visigino. Ukipumzika, zungusha kwa mkono ulionyooka pembeni, sekunde 20 kila mkono, bega linapata lake. Kasi inayofaa ni ile unayoweza kuongea lakini kuimba huwezi.

Ringi nzito za kilo mbili na zaidi, zile zenye vinundu ndani eti vya kukanda tumbo, mimi sizipendekezi kwa anayeanza. Zinazunguka kwa urahisi kwa sababu ya uzito wake, misuli inafanya kazi kidogo, na vile vinundu vinaacha alama tu. Ukitaka uzito, panda hadi kilo moja, kaa hapo mwezi mzima, halafu uone kama kweli unahitaji zaidi.