Mwaka 1415: kamusi, twiga na siku moja ya Ceuta

Mwenyekiti, wageni waalikwa, ndugu wasikilizaji,

Nimeombwa nizungumzie mwaka mmoja wa Zama za Kati, nami nimechagua 1415, ingawa wengi walioishi mwaka huo hawakuujua kwa tarakimu hizo. Kairo, Zabid na miji ya Waislamu ya pwani yetu ilikuwa katika mwaka 817 wa Hijria, ambao uliisha katikati ya Machi ukaupisha wa 818. Wachina waliandika kuwa ni mwaka wa 13 wa mfalme wao Yongle. Na huko Uingereza kwenyewe mwaka ulibadilika tarehe 25 Machi, si Januari. Kwa hiyo tunapokusanya vifo, vizazi na vita vyake mahali pamoja, tunawakutanisha watu ambao wenyewe wasingekubaliana hata tarehe.

Tuanze na msiba. Tarehe 3 Januari, katika mji wa Zabid nchini Yemen, alifariki kadhi mkuu aliyeitwa Firuzabadi, mzaliwa wa Uajemi, akiwa amepita umri wa miaka themanini. Alikuwa mtaalamu wa lugha, na kazi iliyomjengea jina ni mkusanyo wa maneno ya Kiarabu aliouita Al-Qamus al-Muhit, yaani bahari kuu izungukayo. Alikuwa mchoyo wa wino kwa makusudi: palipohitajika neno “mahali” aliweka herufi ain peke yake, palipohitajika “mji” akaweka dali, na neno lililojulikana kwa kila mtu alilipa mimu tu, akaendelea na linalofuata. Wanafunzi walikizoea kitabu hicho mno hata jina lake likageuka kuwa jina la kila kitabu cha namna yake. Neno lililomaanisha bahari likawa ndilo hili letu la kamusi, na mtoto wa shule anayebeba kamusi mkobani leo anataja, bila kujua, kazi ya mzee aliyezikwa Yemen mwanzoni mwa 1415.

Kwa Wazungu wa siku zile, mambo makubwa yalikuwa mengine. Mjini Constance maaskofu walikuwa wamekusanyika kutafuta namna ya kumaliza aibu ya kuwa na mapapa watatu kwa wakati mmoja. Mmoja walimwondoa mwezi Mei, wa pili akajiuzulu tarehe 4 Julai, na siku mbili baadaye mkutano huohuo ukamchoma moto Jan Hus, padri wa Praha, aliyekuwa amekwenda huko akiwa na hati ya mfalme Sigismund ya kumhakikishia usalama wa safari. Majivu yake yalitupwa katika mto Rhine. Vita vya Agincourt, vya tarehe 25 Oktoba, nitavipita haraka kwa sababu vimekwisha kusimuliwa kupita kiasi: mvua ilinyesha usiku, shamba lililolimwa likawa tope, mashujaa wa Ufaransa waliovaa chuma kizito wakakwama humo, na wapiga upinde wa mfalme Henry wa Tano wakawamaliza.

Sasa twende Malindi. Kumbukumbu za Uchina zinaeleza kwamba mwaka huo ujumbe wa Malindi ulifika kwa Yongle ukiwa na twiga. Mwaka mmoja kabla, twiga mwingine alikuwa ameletwa kutoka Bengal, na picha yake iliyochorwa kasrini imebaki: mchungaji ameshika kamba, shingo ya mnyama imepanda juu hadi ukingo wa picha, na madoa yamepangwa kama masega ya nyuki. Wachina walimwita qilin, kiumbe wa hadithi zao za kale asiyekanyaga hata jani bichi, ambaye huonekana tu wakati wa mtawala mwadilifu. Huenda sikio nalo lilisaidia, maana Wasomali humwita twiga geri. Yongle alikuwa ameupata ufalme kwa kumpindua mpwa wake, na mtu wa namna hiyo huthamini sana ushahidi wa uadilifu wake ukija kwa miguu minne. Twiga wa Malindi alipofika, Yongle mwenyewe alikwenda kumpokea langoni mwa kasri.

Mtu wa pwani akiisikia habari hii hujiuliza swali la kibaharia: alipandishwaje, akalishwa nini? Chombo kitokacho Malindi kwenda mashariki husubiri kusi, na safari ni ya majuma mengi. Twiga anataka majani na maji kila siku, na akiyumba chomboni shingo ile si ya kufungwa kama mbuzi. Waliomfikisha hai walikuwa mabingwa, na majina yao hayakuandikwa. Wajumbe wenyewe walirudishwa kwao na msafara wa tano wa jemadari Zheng He, ulioanza 1417.

Limebaki jambo moja, nalo lilichukua siku moja tu. Tarehe 21 Agosti jeshi la Ureno liliuteka mji wa Ceuta, upande wa Afrika wa mlango wa bahari ya Mediterania. Malkia Philippa alikuwa amekufa kwa tauni mwezi mmoja uliopita, na majahazi ya kivita yaling’oa nanga siku sita tu baada ya kifo chake, yakiwa yamewachukua mumewe na wanawe watatu: Duarte, Pedro na Henrique. Vijana hao walitunukiwa ushujaa ndani ya msikiti wa mji uliogeuzwa kanisa. Mwezi uliofuata alizaliwa Innsbruck mtoto Frederick, kaisari wa baadaye, ambaye angemwoa binti wa Duarte. Misafara ya dhahabu kutoka ng’ambo ya Sahara iliikwepa Ceuta mara moja, ikashika bandari nyingine, na Wareno wakabaki na kuta zilizowalazimu kuletewa chakula kwa meli. Nadhani hasara hiyo iliwafundisha zaidi kuliko ushindi: dhahabu haikuwa Ceuta, ilipita tu pale. Henrique alitumia maisha yake yaliyobaki kutuma vyombo kusini kufuata ufuo wa Afrika.

Miaka 83 baada ya Ceuta, mwezi Aprili 1498, vyombo vya Vasco da Gama vilitia nanga mbele ya Malindi. Mfalme wa mji, aliyekuwa na uhasama na Mombasa, aliwakirimu wageni na kuwapatia rubani wa kuwavusha hadi Calicut, nchini India. Waling’oa nanga tarehe 24 Aprili, kusi likianza, upepo uleule wa safari ya twiga.