Mirambo na jeshi lililoishi kwa vita

Ndugu wasikilizaji, Mirambo, mtemi wa Wanyamwezi, tukimtaja huwa tunaanza na ushujaa. Naomba leo tuanze na posho. Rugaruga wake, yaani wapiganaji wake, walikula nini, na aliyewalisha ni nani?

Mshahara hawakuwa nao. Wengi walikuwa vijana waliokatika na koo zao: mateka, watumwa waliotoroka, wapagazi waliobaki njiani, yatima wa vita. Riziki yao ilikuwa nyara, yaani ng'ombe, pembe za ndovu, nguo na watu. Mtemi mwenye jeshi la namna hiyo hapumziki. Akitulia, vijana watamhama wamfuate anayepigana.

Uyowa, utemi aliourithi karibu na mwaka 1860, ulikuwa mdogo tu, magharibi ya Tabora. Kwa Watuta, tawi la Wangoni lililopanda kutoka kusini, aliiga namna ya kupanga vijana kwa vikosi na kushambulia kwa kasi. Akaongeza bunduki. Na bunduki bila baruti ni mti mtupu. Baruti ilitoka pwani, kwa njia ileile ya misafara aliyotaka kuitawala. Fundo la habari yake liko hapo.

Mwaka 1871 aliifunga njia ya Tabora kwenda Ujiji. Waarabu wa Tabora wakatoka kumpiga mwezi Agosti, mwandishi wa habari Stanley akiwa pamoja nao. Waliliteka boma la Wilyankuru, wakabeba pembe na mateka, wakageuka kurudi wakidhani wameshinda. Mirambo aliwavizia njiani akawavuruga. Kisha akaivamia Tabora yenyewe, akachoma sehemu ya mji, na tajiri Khamis bin Abdallah akauawa. Stanley ikambidi azungukie kusini ndipo afike Ujiji kwa mmisionari Livingstone aliyekuwa akimtafuta.

Lakini ushindi huo ulimbana. Njia ikifungwa, pembe hazishuki na baruti haipandi. Vita viliburuzika miaka kadhaa, hata pande zote mbili zikachoka, wakapatana. Mwaka 1876 Stanley alichanjiana naye damu, akamfananisha na Bonaparte, sifa ambayo kwa maoni yangu imetupotosha: tumehesabu mapigano, tukasahau ghala. Mirambo mwenyewe hakulisahau. Aliwakaribisha wamisionari Urambo, makao yake, na kuwatafuta Waingereza wa Unguja, apate mlango mwingine wa biashara. Mwaka 1880 wapiganaji wake wakawaua Waingereza wawili, Carter na Cadenhead, kule Mpimbwe, na urafiki huo ukaingia doa.

Alifariki Desemba 1884. Nduguye Mpandashalo akarithi, ila nchi zilizotekwa zikaanza kujitenga. Haishangazi. Mirambo alikuwa akimng'oa mtemi mkaidi na kumweka mwingine wa ukoo uleule. Kwa hiyo kila nchi ilibaki na kiti chake, na watu wake wa kukikalia.

Sasa mtazameni jirani yake wa Ukimbu, Nyungu ya Mawe, aliyefariki mwaka huohuo. Naye alipanda kwa rugaruga, na kwa ukatili hakuwa nyuma. Yeye lakini aliweka watwale, yaani wasimamizi, wake mwenyewe juu ya watemi wa zamani, kila mmoja na eneo lake, kazi yao kukusanya pembe na kuzipeleka kwake. Alipokufa, akatawala binti yake Mgalula, na watwale wakaendelea kuleta pembe. Wajerumani walipoingia Ukimbu, dola hiyo waliikuta ingali imesimama.