Mtazame anunuaye kabla hujamuuzia

Assalamu alaykum. Nawashukuru akina mama na vijana mliofunga biashara zenu asubuhi hii mkaja hapa Chake Chake. Najua saa ya mchuuzi ni pesa, kwa hivyo sitawazungusha.

Nimeombwa nizungumzie masoko. Wengi wetu tukisikia neno hili tunafikiria kupiga debe: kutuma picha WhatsApp, kuweka spika mlangoni. Hiyo ni sehemu tu, na huja mwishoni. Masoko ni kumjua mnunuzi kwanza, ukamtengenezea anachokihitaji, ukakifikisha anapopita, kwa bei anayoimudu na wewe ukabakiwa na faida.

Tena si elimu ngeni kwetu. Tazameni kanga mlizojitanda. Husimuliwa kwamba katika karne ya 19 wanawake wa mwambao huu walikuwa wakinunua leso za Wareno zilizouzwa kwa jora, hazijakatwa. Wakikata vipande, wakavishona leso tatu juu na tatu chini, wakapata nguo nzima ya kujifunga. Wenye maduka wakaliona hilo. Hawakuwakataza, wala hawakuwaambia leso ni ya kufutia jasho. Waliagiza nguo moja pana iliyokwisha chapwa, wakawapunguzia kazi ya kushona. Majina, yale maneno yanayochapwa kwenye kanga, yakaja baadaye, mwanzo kwa herufi za Kiarabu, kisha kwa hizi tunazozitumia leo. Mie naamini kanga ilizaliwa na wanunuzi, na aliyetajirika ni muuzaji aliyekuwa na macho.

Mwaka 1960 profesa mmoja wa Marekani, E. Jerome McCarthy, aliyapanga maamuzi ya muuzaji katika mafungu manne: bidhaa, bei, mahali na kutangaza. Yanafundishwa mpaka leo, nanyi yashikeni. Lakini yote manne yanatazama kutoka upande wa muuzaji. Leo nataka tuhamie upande wa pili wa meza.

Wiki moja kabla ya Idi niliomba kukaa ndani ya duka la kanga kule Darajani, Unguja, nitazame tu. Akaingia dada mmoja. Hakuuliza bei. Alivuta doti ya kwanza, akaikunjua mpaka kwenye jina, akasoma kimoyomoyo, akairudisha. Ya pili vivyo hivyo. Ya tatu imeandikwa "Nani kama mama". Hapo akasimama. Akaipiga picha, akamtumia mdogo wake, akangoja jibu. Jibu lilipokuja ndipo akatia kidole mate, akasugua pindo aone kama rangi inatoka. Bei ilikuwa swali lake la mwisho.

Wataalamu huihesabu safari hiyo hatua tano: kuhisi haja, kutafuta habari, kulinganisha, kununua, na yanayofuata baada ya kununua. Lakini angalieni pia ni watu wangapi walikuwemo dukani. Mwenye pesa ni dada, mshauri ni mdogo wake aliyeko nyumbani, mvaaji ni mama yao. Muuzaji anayemsifia dada kwamba "itakupendeza" amekosea mtu. Angemuuliza, "Mama anapenda rangi gani?" angekuwa amegusa penyewe.

Hatua ya tano ndiyo tunayoipuuza mno, nami inaniuma. Mtu akishatoa pesa yake, moyo huanza kumsumbua: sijui ningechukua ile nyengine? Mwanasaikolojia Leon Festinger aliieleza dhiki ya namna hii mwaka 1957, ya mtu ambaye mawazo yake yanagombana. Mteja wako analala nayo. Kanga ikichuja kwenye karo siku ya pili, hatarudi kugombana nawe. Atawasimulia majirani, na kisiwa hiki ni kidogo. Niliwahi kuuza mafuta ya nazi ambayo sikuyapika yakaiva sawasawa. Yalifanya harufu mbaya ndani ya chupa za watu. Hakuna aliyelalamika hata mmoja. Walihama tu, na ilinichukua miezi kujua kwa nini.

Bibi pale nyuma ananiuliza kuhusu sabuni ya mwani. Suala zuri. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza upande wa Paje mwaka 1989, na muda mrefu tukauza mkavu kwa magunia, bei anapanga mnunuzi. Leo mnatengeneza sabuni, na wageni wanainunua, lakini jirani yako haigusi. Ni kwa sababu hao ni wanunuzi wawili. Mgeni ananunua zawadi: anataka kipande chepesi cha kutia begini, chenye harufu ya karafuu, na maelezo ya mikono iliyokitengeneza. Jirani ananunua kitu cha kuogea wanawe. Anataka povu, na kipande kisichoyeyuka ndani ya siku tatu. Karatasi ya kufungia iliyopambwa, kwake ni gharama ya bure. Usimpunguzie bei tu. Mkatie kipande kikubwa kisicho na urembo, ukikaushe vizuri zaidi, ukiweke duka la mtaani anaponunua mchele.

Kwa hivyo nawapa kazi. Kila mmoja awape majirani watano sabuni yake, asiwaulize kama ni nzuri, maana kwa kuona haya watasema nzuri. Baada ya wiki apite aombe kuona kilichobaki kwenye kisahani. Nikirudi mwezi ujao nileteeni vipande hivyo, tuviweke mezani tuvitazame.