Mtwara kwa Miguu: Barabara Pana Inamfaa Nani?

SALMA: Wasikilizaji, karibuni. Leo tunatembea kwa miguu Mtwara mjini. Kaka Hamisi, mji wetu unasifiwa kwa barabara pana. Wewe una neno na upana huo.

HAMISI: Ninalo, dada. Mji huu ulipangwa mwishoni mwa miaka ya 1940, Waingereza walipokuja na mradi wa karanga na kutaka bandari kubwa huku. Upana tukaachiwa. Sasa dereva akiona njia nyeupe mbele yake, mguu unakanyaga mafuta wenyewe. Kibao cha kilomita 50 kwa saa hakimshiki.

SALMA: Mikindani, kwenye vile vichochoro vya mji mkongwe, bodaboda anapunguza mwendo bila kuambiwa na mtu.

HAMISI: Kuta zimembana. Kule njia yenyewe ndiyo trafiki.

SALMA: Na malori ya korosho je? Msimu ukifika yanashuka bandarini mfululizo.

HAMISI: Barabara ya bandarini iacheni. Nasema mitaa ya ndani: Chikongola, Magomeni, kuzunguka soko. Tuanze na kona. Kona nyingi zimekatwa duara kubwa, bajaji inapinda bila kugusa breki. Na anayevuka pale ana masafa marefu ya kuvuka. Sogeza ukingo wa zege mbele mita moja au mbili, kona ikaze. Gari litapunguza mwendo litake lisitake, na mvukaji anabaki barabarani muda mfupi. Gari la mwendo wa 30 dereva akishtuka linasimama ndani ya takriban mita 13. La 50 linataka karibu mara mbili ya hapo. Kwa mtoto anayekimbilia ng'ambo, hizo mita ndizo uhai wake.

SALMA: Mimi kinachoniuma ni mitaro. Juzi nimemwona mama katoka Feri, beseni la samaki kichwani. Njia ya miguu ipo, ila mifuniko miwili ya mtaro haipo, na mbele yake zimeegeshwa pikipiki. Akashuka barabarani. Angepita wapi? Halafu akigongwa tuseme hakuwa makini!

HAMISI: Tena jua la saa saba. Pandeni miti ya mikungu, watu wapate kivuli.

SALMA: Kuna mahali hapa nchini wamejaribu?

HAMISI: Dar es Salaam. Shirika la usalama barabarani la Amend lilikwenda shule za msingi kwa mpango wa SARSAI, wa kukagua na kuboresha barabara za karibu na shule: njia za miguu, matuta, vivuko, nguzo fupi za kuzuia magari. Kuna shule hata geti lilihamishiwa upande wenye magari machache. Mwaka 2019 mpango huo ukapata Tuzo ya WRI Ross, tuzo ya kimataifa ya miji. Na vifaa vyenyewe ni zege, rangi na nguzo, vyote vinapatikana hapa Mtwara.

SALMA: Kwa hiyo mtu wa Magomeni aanzie wapi?

HAMISI: Barabara za mitaa ziko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017. Nenda mkutano wa mtaa, diwani akiwepo. Usiishie kusema tunataka usalama. Taja kona ipi, mfuniko upi, na watoto wanavukia wapi saa moja asubuhi. Omba iandikwe kwenye muhtasari.