Tone la Maji Juu ya Chuma cha Moto
(Mhadhara kwa mafundi na wanafunzi wa karakana, Kigoma)

Shikamooni wazee. Vijana, sogeeni mbele, huko nyuma hamtaona kitu.

Kikaango kiko jikoni. Tone la kwanza hili: limechachatika, limekwisha. Tuongeze moto. Haya, la pili! Halikauki. Limejiviringa, linateleza kama gololi. Chuma kimezidi kuwa moto, tone nalo limezidi kudumu. Daktari Mjerumani, Johann Leidenfrost, aliliandika jambo hili mwaka 1756, akidondoshea maji kwenye kijiko cha chuma kilichoiva. Chini ya tone kuna utando wa mvuke, unene wake kama sehemu ya kumi ya milimita, na mvuke hupitisha joto kwa shida. Kwenye chuma kilichong'arishwa, tone huanza kuelea karibu na nyuzi 200 za Selsiasi.

Wahunzi wanaujua utando huo bila kusoma popote. Chuma chekundu kikiingia majini, mhunzi hakiachi kitulie, anakikoroga. Utando ukiganda mahali pamoja, hapo chuma hupoa polepole na kubaki laini, na panga litakuja kukunjika mahali hapo. Maji ya chumvi nayo huuvunja upesi. Kwenye boila, tangi la kuchemshia maji yatoe mvuke, kama zile za meli ya Liemba kabla haijatiwa injini za dizeli, ubaya ni mkubwa zaidi: chuma kisichoguswa na maji huiva mpaka kikapasuka.

Sasa tuuchonge uso wa chuma. Ukiuotesha vinguzo vidogo sana, mvuke hupata pa kutokea, tone likashuka na kugusa ncha. Mwaka 2022 watafiti wa Hong Kong waliweka kati ya vinguzo utando wa kuhami joto, chini yake vijifereji. Maji yakaendelea kugusa chuma hata kilipopita nyuzi 1,000. Ukichonga meno ya msumeno, tone linatembea lenyewe upande mmoja, hata kupanda mteremko. Hilo lilionyeshwa mwaka 2006, na mimi ndilo linalonifurahisha kuliko yote.

Naona mkono. Ndiyo, fundi? Anauliza: basi kila uso wenye mikwaruzo hupoa haraka?

Hapana, fundi. Inategemea kama uso unapenda maji. Mwaka 2012 watu walichukua tufe la chuma, wakalipaka kitu chenye vinundu vidogo mno kinachokataa maji, wakalichovya likiwa moto. Utando wa mvuke haukuvunjika mpaka tufe likapoa, na maji hayakuchemka kwa kishindo hata kidogo.