Sarafu za Fedha Kwenye Bustani Ambayo Kila Mtu Ameshaitafuta | Maisha ya Marekani

Habari zenu ndugu zangu. Wazee wangu shikamooni, vijana mambo vipi. Leo nipo kwenye bustani ya umma hapa mjini, na hiki nilichoshika ni ditekta, mashine ya kutafutia vyuma ardhini. Tangu niwaonyeshe zile sarafu za fedha, yaani za metali ya silva, nilizozipata huku, swali linalonijia ni moja: hivi kweli hela za miaka mia iliyopita bado zipo kwenye bustani ambayo kila mwenye ditekta ameshapita? Zipo. Na nataka niwaeleze kwa nini zipo, maana jambo hili nalipenda sana, na kila ninaposikia mtu akisema bustani fulani imekwisha, moyo unanituma kumshika mkono nimrudishe palepale alipopita.

Tuanze na hela yenyewe. Mpaka zile za mwaka 1964, sarafu za Marekani za senti 10, senti 25 na nusu dola zilikuwa fedha asilimia 90 na shaba asilimia 10. Mwaka 1965 sheria ikabadilika. Senti 10 na senti 25 zikaondolewa fedha yote, zikawa shaba katikati na mchanganyiko wa shaba na nikeli juu. Nusu dola ikabaki na fedha asilimia 40 mpaka mwaka 1970, kisha nayo ikaondolewa. Watu walipojua hivyo wakaanza kuzichambua kwenye chenji na kuziweka kando, ndiyo maana leo ni bahati kubwa kurudishiwa moja dukani. Lakini zilizokuwa zimeshadondoka kwenye nyasi, hizo hakuna aliyezichambua.

Na zilidondoka nyingi. Fikirieni bustani ya mji mwaka 1910. Hakuna televisheni, redio ya nyumbani bado haijafika. Jumapili watu wanakuja hapa, bendi inapiga, familia zimetandika mablanketi chini, wanaume wanalala chali, watoto wanabingirika mteremkoni. Kila kitu kinalipiwa kwa sarafu. Coca-Cola peke yake iliuzwa senti 5 kuanzia mwaka 1886 mpaka mwishoni mwa miaka ya 1950. Kwa hiyo kila mfuko una chenji, na mtu aliyelala kwenye nyasi hasikii senti 10 ikimponyoka, kwa sababu ina gramu 2.5 tu. Minyoo inachimba chini yake, majani yanaoza juu yake, kila mwaka inazama kidogo. Sarafu ya miaka mia naikuta mara nyingi kati ya sentimita 10 na 20.

Haya, sasa kuhusu waliotangulia. Ditekta si kitu kipya. Mwaka 1881 Alexander Graham Bell, yule wa simu, alijaribu kifaa cha namna hii kutafuta risasi mwilini mwa Rais James Garfield. Baada ya vita kuu ya pili, mashine za kutafutia mabomu ya ardhini zikaingia mikononi mwa raia. Kisha Januari 1980 bei ya fedha ikapanda mpaka karibu dola 50 kwa aunsi, na unaweza kuelewa mwenyewe mtu anayeishi jirani na bustani ya zamani alifikiri nini. Waliotafuta enzi zile walichukua za juu juu, zenye mlio safi, zilizolala kifudifudi peke yake bila takataka pembeni. Siwalaumu, hata mimi ningeanza na hizo. Zilizobaki zina sababu ya kubaki, na ukiijua sababu, umeshajua pa kutafuta.

Sikilizeni vizuri hapa, maana ndipo mambo yote yalipo. Ndani ya hii sahani, yaani koili, kuna nyaya zinazopitisha umeme unaobadilisha mwelekeo maelfu ya mara kwa sekunde. Umeme huo unazaa uga wa sumaku unaoshuka ardhini. Ukikuta metali, mikondo midogo ya umeme inazuka ndani ya ile metali na kurudisha uga wake juu. Mashine inapima uga huo wa pili umechelewa kiasi gani. Fedha na shaba hupitisha umeme vizuri, zina ucheleweshaji wake. Chuma kina wake. Aluminiamu ina wake. Kutokana na hapo unapata mlio na namba kwenye kioo.

Sasa weka msumari wenye kutu sentimita tano kutoka kwenye senti 10 ya fedha. Koili inaviona vyote viwili kwa pamoja. Ule msumari unapiga kelele ya chuma, na fedha iliyo kando ni mtoto anayenong'ona karibu na ngoma. Zaidi ya hapo, watafutaji wengi huiambia mashine ichuje chuma, isilie kabisa ikikutana nacho. Inanyamaza juu ya msumari, na kabla haijarudi kusikiliza, mkono umeshapeleka koili mbele. Sarafu imepitwa. Anayekuja kesho anafanya vilevile, na wa mwakani vilevile, na wote wanaandika kwamba hakuna kitu. Hivyo ndivyo sarafu moja inavyoweza kupitwa na watu kwa miaka 50 bila kwenda popote.

Ndiyo maana mimi kwenye bustani kama hii sikimbilii maeneo masafi. Natafuta misumari. Unapoisikia mingi mahali pamoja, kuna kitu cha mbao kiliwahi kusimama hapo: jukwaa la bendi, kibanda cha kuuzia vinywaji, viti vya watazamaji wa besiboli. Na penye kibanda cha kuuzia kitu, watu walitoa hela mfukoni. Wenzangu wanapakwepa kwa sababu panachosha masikio. Kwangu hapo ndipo penye uhai.

Tazameni koili niliyofunga leo. Ni ndogo, kipenyo chake kama sentimita 15. Ile iliyokuja na mashine ina karibu sentimita 28. Kubwa inaenda chini zaidi, lakini kwenye misumari inaona vitu vitano kwa mpigo na kukupa uji. Ndogo inapita katikati yao. Uchujaji nimeuzima, nasikia chuma chote. Ndiyo, ni kelele, lakini sikio hujifunza. Baada ya muda unaisikia ile noti nyembamba ya juu ikichomoza katikati ya ngurumo za chuma, na ukishaijua huwezi kuisahau. Mashine za miaka hii nazo zimesaidia sana, kwa sababu zinarudi kusikiliza haraka baada ya kila kitu, na nyingi zinatumia masafa kadhaa kwa wakati mmoja badala ya moja. Hata hivyo, mashine ghali mkononi mwa mtu mwenye haraka haimsaidii. Koili isogee taratibu. Taratibu kuliko hivyo unavyodhani.

Subirini. Hapa. Mmesikia? Narudia. Chuma, chuma, halafu kitu kidogo cha juu. Namba inayumba, haitulii. Nageuka digrii 90, napita tena kwa upande mwingine. Mlio umepotea. Nageuka kidogo tena... huo hapo. Mlio unaosikika upande mmoja tu, wengi wanauacha, wanasema ni chuma kinachodanganya. Mara nyingi ni kweli, msumari uliopinda unaweza kukulilia hivyo. Lakini pia sarafu iliyosimama kwa ukingo hulia hivyohivyo, na sarafu iliyo pembeni ya msumari hali kadhalika. Mlio unaorudi palepale kila unapopita, mimi nachimba.

Tazameni ninavyochimba, maana hili lina uzito kuliko sarafu. Nimetandika kitambaa hapa pembeni. Nakata nyasi pande tatu, upande wa nne nauacha umeshikana na ardhi ili mizizi isikatike yote. Nafunua. Udongo wote unaenda kwenye kitambaa, hata punje isibaki juu ya nyasi. Naingiza hii ditekta ndogo ya mkononi... huu hapa msumari wa kwanza. Nao natoa. Kuna wa pili. Sasa nikirudisha koili juu ya shimo, sikilizeni mlio ulivyobadilika! Namba imetulia kabisa. Fedha haina kutu, ndugu zangu, hii inatoka nyeupe.

Aisee. Senti 10. Naomba nisiifute, nawaonyesha hivihivi na udongo wake. Huyu mwenye kofia ya mabawa ni Uhuru, kazi ya mchongaji Adolph Weinman, lakini watu walimdhania Mercury, mungu wa Warumi, jina hilo likamng'ang'ania. Zilitengenezwa kuanzia mwaka 1916 mpaka 1945. Hii ni ya 1919. Nyuma, karibu na lile fungu la fito zilizofungwa pamoja, kuna mahali pa herufi ndogo ya kiwanda kilichoitengeneza: D ni Denver, S ni San Francisco, pasipo na herufi ni Philadelphia. Hii haina. Ingekuwa ya 1916 yenye D mngenisikia nikipiga kelele mpaka huko nyumbani, maana hizo zilitengenezwa 264,000 tu. Kosa kubwa ni kuisugua kwa kidole sasa hivi: chembe za mchanga zitakwangua uso wake, na mkwaruzo hauondoki. Maji safi nyumbani, basi.

Kitu kingine kinachoficha sarafu ni aluminiamu. Kopo za vinywaji zilipopata pete za kung'oa, kwenye miaka ya 1960, watu walizing'oa na kuzitupa palepale. Bustani zimejaa. Namba za pete hizo zinaangukia humohumo zinamoangukia senti 5 za zamani na pete nyingi za dhahabu, kwa hiyo anayekataa aluminiamu amekataa na dhahabu. Kuchimba kila moja haiwezekani, huo ni ukweli. Mimi nachagua eneo dogo, mita chache za mraba mahali ambapo najua watu walikaa sana, halafu hapo natoa kila kitu. Kila kitu. Takataka zikiisha, zilizokuwa zimefunikwa zinaanza kusema.

Kuhusu kina, sina maneno mengi. Kitu kidogo kikiwa mbali na koili, ukiongeza umbali mara mbili, ishara inayorudi inabaki kama sehemu moja ya 64. Kwa hiyo hakuna mashine ya kufanya muujiza. Kinachosaidia ni mji wenyewe unapoondoa njia ya zamani ya kutembelea au kupunguza udongo ili wajenge upya: sentimita kumi zikitoka juu, kilichokuwa mbali sasa kiko karibu. Mvua nayo naipenda, udongo ukiwa na unyevu ni rahisi kukata na nyasi zinapona haraka.

Na pa kusimama najuaje? Kwa kusoma. Maktaba ya Bunge la Marekani imeweka mtandaoni ramani za Sanborn, zilizoanza kuchorwa mwaka 1867 kwa ajili ya kampuni za bima ya moto. Zinaonyesha majengo moja moja, mengine yalishabomolewa zamani. Pia natafuta kadi za posta za zamani zenye picha za bustani hii. Kwenye picha unaona watu wameketi wapi, na miti ile mikubwa mingine bado ipo, unaitumia kupima. Jioni yangu nzima inaweza kuishia hapo na wala sijutii.

Kwa ninyi mlio hapa Marekani mnaotaka kuanza: kabla ya kununua mashine, ulizeni ofisi ya bustani ya mji wenu. Kila mji una sheria yake. New York wanataka uwe na kibali. Hifadhi za taifa ni marufuku hata kuwa na ditekta mkononi, na hiyo ni pamoja na uwanja ule mkubwa wa Washington, National Mall, maana nao uko chini ya mamlaka hiyohiyo. Bustani za majimbo, kila jimbo lina lake. Kuna na sheria ya shirikisho ya mwaka 1979 inayolinda vitu vya kale kwenye ardhi ya serikali kuu, si mchezo. Ukipewa kibali, kichapishe, kikae mfukoni. Mtu mgeni kama mimi, amepiga magoti kwenye bustani na koleo dogo, ataulizwa. Askari akija, simama, msalimie, mpe karatasi, mwonyeshe shimo ulivyolifukia. Nimeshaulizwa na tukaishia kuangalia sarafu pamoja.

Shimo libaki halionekani. Miji iliyopiga marufuku, mara nyingi chanzo ni mashimo yaliyoachwa wazi, mtoto akakanyaga, au nyasi zikafa kiangazi. Kukiwa na ukame mimi sikati kabisa. Na ukikuta pete ya shule, wanayoipata wanafunzi wanapohitimu, angalia vizuri: ina jina la shule na mwaka, na ndani mara nyingi kuna herufi za mwanzo za jina. Piga simu hiyo shule. Mwenyewe anaweza kuwa hai, na kama hayupo, watoto wake wapo.

Haya, bado sijamaliza hii mita ya mraba, na nasikia msumari mwingine hapa pembeni. Sehemu ya pili nawaletea nikimaliza kuusafisha huu upande wote. Kaeni salama.